Saa iliyofichwa kwenye mkebe wa sukari: teknolojia na mzee mwenye dimenshia

Ukiwa kwenye kundi lolote la WhatsApp hapa Nairobi, liwe la ploti, la kanisa au la chama, picha hiyo unaijua. Mzee amevaa koti, au mama amejifunga kitambaa kichwani, na chini yake maandishi: aliondoka nyumbani Jumanne alfajiri, ana shida ya kusahau, ukimwona piga nambari hii. Kisha majibu yanaanza kumiminika. Mmoja anamwombea arudi salama. Mwingine anauliza kwa nini watoto wake hawakumwekea GPS. Wa tatu anatuma tangazo la saa ya mkononi "inayotibu usahaulifu". Wa nne anasema siku hizi kuna akili unde (AI), habari za wazee kupotea zimepitwa na wakati. Na yupo yule asiyekosa, anayeandika kwamba huyo mzee amechezewa, yaani amerogwa.

Nimesoma mazungumzo ya namna hiyo mara nyingi. Miaka miwili iliyopita niliyasoma nikiwa mwenye mzee. Picha ilikuwa ya baba yetu, fundi mstaafu wa Reli, anayeishi na dada yangu mtaani Umoja. Alipatikana siku hiyo hiyo, na nitaeleza alipatikana wapi na kwa njia gani. Lakini kwanza tuyatenganishe mambo ambayo siku ile yalitiwa yote kwenye chungu kimoja.

Kama kikohozi

Jina tunaloipa dimenshia linatuchanganya. Wengi husema "ugonjwa wa kusahau", na kosa linaanzia hapo, kwa sababu si ugonjwa mmoja na si kusahau tu. Chukua kikohozi. Mtu anaweza kukohoa kwa mafua, kwa pumu, kwa kifua kikuu au kwa moshi wa makaa. Kikohozi ni dalili, chanzo kiko nyuma yake. Dimenshia vivyo hivyo ni jina la hali: uwezo wa kukumbuka, kupanga mambo, kutafuta maneno na kujua njia unapungua mpaka mtu anashindwa kuendesha maisha yake ya kila siku. Nyuma ya hali hiyo kuna magonjwa kadhaa ya ubongo. Unaoongoza ni wa Alzheimer, wenye kati ya asilimia 60 na 70 ya visa vyote, ambao ulipewa jina la Alois Alzheimer, daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1906. Unaofuata hutokana na mishipa ya damu: kiharusi kikubwa, au viharusi vidogo vidogo ambavyo mwenyewe hakuvihisi, vinakausha sehemu za ubongo kama shamba lililokatiwa mfereji. Presha na kisukari vilivyoachwa bila matibabu huingilia hapo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo lile la "huu ni ugonjwa wa Wazungu" tuliweke kando.

Kumbukumbu ifikirie kama daftari la mkopo la mwenye duka. Kurasa za zamani ziliandikwa kwa wino mzito: nani alichukua sukari mwaka 1974, nani hakulipa. Kalamu ya leo imekauka. Mwenye duka anaandika, mkono unakwenda, karatasi inabaki nyeupe. Ndiyo maana baba yetu anaweza kukutajia stesheni za reli kutoka Nairobi hadi Kisumu bila kuruka hata moja, kisha akuulize mara ya tano kama amekunywa chai. Hafanyi makusudi. Kwake swali hilo ni la kwanza. Na ugonjwa ukiendelea, kurasa huanza kunyofoka, za karibuni zikitangulia: nyumba ya sasa inatoka, ya zamani inabaki. Hilo la nyumba likumbuke, tutalirudia.

Uzee wa kawaida hukufanya usahau ulikoweka funguo. Dimenshia inaweza kukufanya uzishike mkononi usijue ni za nini.

Kuhusu uchawi nitasema kwa ufupi. Kutoka nyumbani usiku, kuongea peke yake, kuingia nyumba isiyo yake na kukaa kama mwenyeji: zote ni tabia zinazojulikana za mtu mwenye dimenshia, na ndizo hizo hizo ambazo watu huziita ushahidi. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Anayeandika "amechezewa" kwenye kundi hadhani kwamba anacheza na moto.

Hospitali kwanza, na masikio

Kabla ya kununua kifaa chochote, mzee aonwe na daktari, kwa sababu si kila anayechanganyikiwa ana dimenshia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni inayofanya kazi kivivu, sonona, maambukizi ya njia ya mkojo, hata dawa mbili zisizopatana zilizonunuliwa kemisti tofauti, vyote vinaweza kumfanya mtu mzima aongee maneno yasiyoungana. Hivyo vinatibika. Na kama mabadiliko yamekuja ghafla, ndani ya siku mbili tatu, hiyo ni dharura, usingoje kliniki ya wiki ijayo.

Usishangae pia ukisikia mzee "ameanguka mtihani" hospitalini. Baadhi ya vipimo vya kumbukumbu vilitungwa kwa watu waliosoma: toa 7 kwenye 100, toa 7 tena, chora saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Nyanya ambaye hakuingia darasani atashindwa hata kama ubongo wake ni mzima. Watafiti wa Ibadan, Nigeria, na wenzao wa Indianapolis, Marekani, walilitambua hilo tangu zamani, wakatumia maswali yasiyotegemea shule, na pia wakamhoji ndugu anayeishi na mzee. Mwambie daktari mgonjwa wako alisoma mpaka wapi, na anaota kwa lugha gani.

Sasa masikio. Mwaka 2024 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa katika maisha yote ya mtu, karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kupoteza usikivu ni mojawapo, na si dogo. Kwa hiyo ukiniuliza kifaa gani cha kidijitali kimesahaulika kuliko vyote, nitakwambia ni kile kidogo cha kuvaa sikioni. Kwa baba yetu haikufika huko. Alikuwa na nta iliyoganda kama gundi ndani ya sikio la kulia. Ilipooshwa, nusu ya mambo tuliyodhani ameyasahau kumbe hakuwahi kuyasikia. Nusu nyingine, kwa bahati mbaya, ilibaki vile vile.

GPS haimwoni mtu

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa zaidi, nami nitakaa kidogo.

Fikiria umefungwa kitambaa machoni, umesimamishwa mahali fulani Eastleigh, na misikiti minne inaadhini. Unajua kila msikiti uko wapi, na unajua kila muadhini alianza sekunde gani. Kwa kupima kila sauti imechelewa kiasi gani kukufikia, ungeweza kukokotoa ulipo. Kifaa cha GPS hufanya hesabu hiyo hiyo, ila badala ya misikiti kuna setilaiti zilizo juu yetu kilomita takriban 20,000, na badala ya sauti ni mawimbi ya redio. Angalia vizuri mfano huo: aliyefungwa macho anasikia tu. Misikiti haimjui. Setilaiti haimwoni baba yako, haimpigi picha, haina habari kama yupo duniani. Inayojua alipo ni saa iliyo mkononi mwake, na ili ikwambie wewe inahitaji kitu cha pili: laini ya simu, yenye bando, mahali penye mtandao. Bando likiisha, saa inajua mzee alipo na haina wa kumwambia.

Ukishaelewa hilo, mambo mengine yanajieleza. Mawimbi hayo ni hafifu, hivyo ndani ya jengo la mawe au chini ya paa la mabati nukta kwenye simu inapotea au inakisia. Mjini, katikati ya maghorofa, mawimbi yanadunda kwenye kuta kabla ya kufika, na unaweza kuona mzee akiruka kutoka Tom Mboya hadi Ronald Ngala bila kuvuka barabara. Kisha kuna betri. Ili idumu, saa nyingi haziripoti kila sekunde bali kila baada ya dakika kadhaa. Dakika kumi za alfajiri, barabara ikiwa tupu, zinatosha matatu kutoka Mutindwa hadi City Stadium.

Vile vidude vidogo vya bluetooth vinavyouzwa kufungwa kwenye funguo ni jambo tofauti kabisa, ingawa wauzaji huviita pia GPS. Vyenyewe havijui vilipo. Hutoa mlio usiosikika, na simu ya mpita njia ikiudaka, ndiyo inayoripoti mahali. Lakini lazima iwe simu ya mtandao ule ule wa kampuni iliyotengeneza kidude. Ukikinunua kile kinachotegemea simu za bei ghali, kisha mzee apite mahali ambapo kila mtu ana kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, umemfunga kijiwe.

Turudi siku ile. Baba alitoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na nukta ya saa ya GPS tuliyomvisha, kwenye simu ya dada, haikusogea. Ilitulia pale pale nyumbani, kama mtu aliyelala. Dada akaiamini. Alimtafuta bafuni, juu ya paa kwenye kamba za nguo, chini ya ngazi, kwa dakika arobaini, kwa sababu simu ilisema yuko. Saa tuliipata jioni, ndani ya mkebe wa sukari, imekunjwa vizuri kwenye kipande cha gazeti. Tulipomuuliza, alijibu kwa utulivu kwamba ameihifadhi mpaka mwenyewe aje. Saa yake anaijua, ni ile ya kutia ufunguo, yenye mkanda wa ngozi. Hii nyeusi ya mpira ni ya mtu, na mali ya mtu haivaliwi.

Yeye alikuwa Makongeni. Alipanda matatu, akashuka Jogoo Road, akatembea hadi kwenye mlango wa nyumba ya Reli tuliyohama mwaka 1991, akabisha hodi. Mama aliyekuwa akiishi hapo wakati huo alimpa chai kwanza, kisha akamuuliza yeye ni nani. Ndani ya kola ya koti lake akaona kitambaa kilichoshonwa kwa mkono, kina nambari ya simu. Dada alikuwa amekishona mwaka mmoja kabla, akakisahau.

Sisemi hivyo kuidharau GPS. Baada ya siku ile tulinunua nyingine, traka ndogo kama kiberiti, tukaishonea kwenye bitana la koti lile lile. Saa alikuwa anaivua kila mara. Koti hajawahi kutoka bila hilo, hata Februari jua likichoma. Tuliponunua saa tulijiuliza tunachotaka sisi. Tuliposhonea traka kwenye koti, tulikuwa tumekwisha kujiuliza baba hufanya nini. Tangu hapo kila kifaa kinachotajwa nyumbani kwetu dada hukipima kwa swali moja: hiki kinajibu hofu ya nani?

Na hata ukiwa na traka bora, andika orodha. Nyumba zote alizowahi kuishi, kazini kwake, kanisa la zamani, stendi ya basi la kwenda ushago. Anayetoka mara nyingi anarudi kwenye ukurasa ambao bado una wino. Weka pia picha ya karibuni, na jina ambalo akiitwa huitika. Akipotea, nenda na hiyo karatasi kituo cha polisi mara moja upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Habari ya kusubiri saa 24 achana nayo, saa za mwanzo ndizo za kumpata mtu akiwa karibu.

Kengele ya mbuzi

Siku hizi kuna vitambuzi vya mlangoni. Kipande kimoja kinabandikwa kwenye fremu, kingine chenye sumaku kwenye mlango, na vikiachana simu yako inalia popote ulipo. Vinafanya kazi, na bei yake inashuka. Kuna pia taa zinazojiwasha mtu akipita, ambazo mimi ningezinunua kabla ya kingine chochote, kwa sababu mzee anayeamka saa nane usiku kwenda haja gizani ndiye anayevunjika nyonga.

Dada alinunua kengele ya mbuzi, Gikomba, shilingi 150. Akaifunga juu ya mlango wa mbele. Nilimcheka. Usiku wa tatu kengele ikalia, akaamka, akamkuta baba amesimama mlangoni amevaa koti, anatazama nje kwa makini.

"Mama, mbuzi ametoka," akamwambia. "Funga mlango."

Akafunga mwenyewe, akarudi kulala.

Hilo la "Mama" nalo lina habari yake. Dada alipewa jina la nyanya yetu, kwa hiyo baba amemwita Mama tangu azaliwe, kama ilivyo desturi kwetu Maragoli. Siku hizi hatujui anapomwita anamwita yupi.

Kukumbushwa na sauti ya nani

Watu wengi wakisikia "kusahau", dawa ya kwanza wanayofikiria ni kengele ya simu. Kwa mtu ambaye ndiyo anaanza, inasaidia: kengele inalia, kisanduku cha dawa chenye vyumba saba kipo mezani, anameza. Baadaye, kengele inalia na yeye hajui inataka nini. Baba aliposikia ile ya saa mbili alikuwa anasimama na kutafuta kofia. Kwake hicho kilikuwa king'ora cha karakana. Kikumbusho kinadhani shida ni kwamba mtu amesahau wakati. Mara nyingi amesahau maana.

Kilichofanya kazi kilikuwa sauti. Dada alijirekodi kwenye simu kuukuu, kwa Kimaragoli: "Baba, ni mimi. Niko kazini. Chai iko kwenye chupa. Nitarudi jioni." Mfanyakazi wa nyumbani humchezea rekodi hiyo akianza kuhangaika, hasa jua linapokaribia kuchwa, maana saa hizo watu wengi wenye dimenshia huzidiwa na wasiwasi. Anaisikiliza, anaitikia "haya", anakaa. Baada ya nusu saa inachezwa tena, na kwake ni habari mpya.

Lugha hapa si pambo. Mtu aliyejifunza Kiswahili na Kiingereza ukubwani, mara nyingi ugonjwa humrudisha kwenye ile ya utotoni. Wajukuu wa Umoja wanaojua Kiswahili na Sheng wanabaki wakimtazama babu kama redio iliyohama stesheni. Sasa zile spika za mezani zinazojibu maswali, ambazo ng'ambo zinasifiwa sana kwa kuwaongelesha wazee, mtu azipime kwa hilo kabla ya kuagiza moja. Muulize muuzaji kama inajua Kimaragoli.

Muziki ni habari njema zaidi. Nyimbo ambazo mtu alizipenda kati ya utoto wake na miaka thelathini hushikilia kwa muda mrefu kuliko majina ya watoto. Flashi moja yenye benga, rumba ya Kongo na nyimbo za kanisa, ikichomekwa kwenye redio ya kawaida, imetuliza jioni nyingi kuliko programu yoyote niliyowahi kupakua. Wajapani wametengeneza hata roboti yenye manyoya mfano wa mtoto wa sili, iitwayo PARO, ambayo mzee huipapasa nayo ikamjibu kwa sauti. Inatumika katika nyumba za wazee huko na Ulaya, na kuna wanaotulia nayo kweli. Bei yake ni maelfu ya dola. Kwetu yupo paka.

Neno moja kwa walio ughaibuni. Kaka yetu hupiga simu ya video kila Jumapili, na kwa miezi mingi alianza hivi: "Baba, unanijua mimi ni nani?" Uso wa baba ungefunga papo hapo. Huo ni mtihani, na hakuna anayependa kuitwa mbele ya darasa asijue jibu. Siku hizi huanza, "Baba, ni mimi kifungua mimba wako, nimekupigia tuongee habari za Reli." Wanaongea dakika ishirini.

Pesa, kamera na makaratasi

M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, nambari ya siri ilidhaniwa kuwa ulinzi tosha. Haikuzingatiwa kwamba kuna siku mwenyewe angeitaja kwa sauti dukani, au angemlipa fundi viatu mara tatu kwa soli moja. (Fundi alirudisha mbili. Mungu ambariki.) Matapeli wa "nimekutumia pesa kimakosa" wanawapenda watu wa namna hii. Njia rahisi ni kumwachia laini yenye pesa kidogo ya mfukoni, asijihisi amenyang'anywa uanaume wake, na akiba kuhamishiwa mahali pengine kwa ridhaa yake, mapema, angali anaelewa anachokubali.

Umapema huo una sababu ya kisheria pia. Wengi hudhani hati ya uwakili waliyosaini na mzazi itawavusha mpaka mwisho. Hapa Kenya hati ya kawaida hukoma pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua, yaani wakati ule ule mnapoihitaji. Baada ya hapo familia hulazimika kwenda mahakamani, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, kuomba ateuliwe msimamizi.

Kamera za ndani ya nyumba zimekuwa rahisi kama balbu, na nazielewa familia zinazoziweka. Ila sebuleni ni sebuleni, bafuni ni bafuni. Anayemtunza mzee aambiwe kamera ipo na iko wapi, kwa kuwa naye ni mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiingilii sana mambo unayoyafanya ndani ya nyumba yako kwa shughuli zako binafsi, lakini kampuni inayohifadhi video hizo inahusika nayo, na sheria hiyo inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti. Ukinunua kamera ya jina usilolijua, video ya mama yako akitafuta nguo zake inaenda kulala kwenye kompyuta ya nani? Ile video ya mzee akichekesha, uliyoituma kwenye kundi la familia, haina hata sheria ya kuirudisha.

Akili unde na saa zinazotibu

Hakuna saa inayotibu dimenshia. Hakuna bangili, sumaku wala programu ya michezo ya simu inayoiponya. Michezo ya kufikirisha ina faida yake, kama kucheza bao kulivyo na faida, hasa ukiicheza na mtu.

Dawa zipo za kupunguza makali ya dalili kwa muda. Zile mpya zilizotangazwa sana, kama lecanemab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, hupunguza kidogo kasi ya Alzheimer kwa walio mwanzoni kabisa. Zilianza kwa kutolewa kwa dripu, na huhitaji picha za MRI kila mara kuangalia kama ubongo unavimba au kuvuja damu. Mwaka 2025 Marekani pia iliidhinisha kipimo cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer, na hilo naliona kubwa kuliko dawa, kwa kuwa sindano ya damu yaweza siku moja kufika mahali ambapo mashine ya milioni nyingi haitafika.

Akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, inasaidia madaktari kusoma picha za ubongo, na watafiti wanaifundisha kusikiliza jinsi mtu anavyoongea ili kunusa ugonjwa mapema. Ni kazi ya maana. Lakini mashine hiyo hujifunza kwa sauti ilizolishwa. Iliyolishwa wazee wa Boston ikimsikia mama wa Kangemi akichanganya Kikuyu na Kiswahili katika sentensi moja, jambo ambalo sote hapa hulifanya tukiwa na akili timamu, inaweza kuona ugonjwa pasipo na ugonjwa. Na programu ya kuongea ambayo humjibu mzee kila anachouliza itamjibu pia akiuliza treni ya Kisumu inaondoka saa ngapi.

Aliyelala

Tangu mwanzo nimeandika kuhusu baba, na mgonjwa wa pili hajatajwa. Dada yangu alipungua kilo tisa mwaka ule wa kwanza. Ukilipima kila lililosaidia kwa swali lake, utaona kengele ya mbuzi haikumlinda baba peke yake, ilimruhusu dada kufumba macho. Kalenda ya zamu tuliyoiweka kwenye kundi la WhatsApp la familia, nani anakuja Jumamosi, nani ananunua pampasi, nani anaenda naye kliniki, ni teknolojia pia, na ilizua ugomvi mkubwa kuliko kamera. Kwa anayehitaji mafunzo, Shirika la Afya Duniani lina kozi ya walezi mtandaoni iitwayo iSupport. Hapa Nairobi, shirika la ADOK hukutanisha familia zinazotunza wagonjwa wa Alzheimer na dimenshia nyingine, na mara ya kwanza kwenda dada alilia muda mwingi, akarudi na mbinu nne.

Malipo ya mwaka ya ile saa nyeusi yalipofika, hatukuyalipa. Pesa ile dada aliipeleka kwa jirani, Mama Achieng', ambaye Jumamosi huja kukaa na baba kuanzia asubuhi hadi saa kumi. Humletea maharagwe mchanganyiko kwenye ungo. Baba huyachambua polepole, mekundu huku, ya manjano kule, akihesabu kwa Kimaragoli kama mtu anayepanga vipuri. Akimaliza hupiga makofi mara moja kuondoa vumbi. Mama Achieng' humshukuru, huenda nayo jikoni, huyachanganya upya, na kuyarudisha. Koti huwa limetundikwa mgongoni mwa kiti, na kwenye bitana taa ndogo ya kijani inamulika na kuzima. Chumba cha pili mlango umefungwa. Dada amelala.